Jino la Mbele, Pengo la Nyuma

Nilikuwa na shabaha. Nalisema bila haya, maana waliokuwapo wanajua, na wasiokuwapo hawana la kunibishia. Miaka ile ya ruksa nilikuwa koplo mwenye mikono iliyotulia na mdomo usiotulia, mwanamke pekee kwenye timu ya shabaha ya kambi yetu pale Singida mjini, na mimi ndiye niliyeshika funguo za ghala la silaha. Kwa hiyo bastola ya mashindano ilikuwa yangu mara mbili: nikiipiga na nikiitunza.

Bastola yenyewe ilikuwa mtumba. Siku hizo kila kitu kilikuwa mtumba, suruali, redio, hata sufuria, nasi tukaletewa bastola iliyokwisha kutumiwa na timu nyingine, ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli bovu. Kabla ya hapo tulishindana kwa bastola za kazi, ambazo kilengeo chake hakisogei. Risasi zikienda kushoto, unalenga kulia na kumwomba Mungu. Hii mpya kwetu ilikuwa na kilengeo cha kurekebisha kwa bisibisi. Mbele, juu ya mdomo wa mtutu, palisimama kibati kidogo. Hicho tulikiita jino. Nyuma, upande wa jicho, palikuwa na kibati kipana chenye mkato katikati. Huo tuliuita pengo. Kulenga ni kuliweka jino katikati ya pengo, vichwa vyao vikiwa sawa, halafu kutulia. Hilo la kutulia ndilo linalowashinda wengi.

Sandukuni mlikuwa na vibati vitatu vya nyuma vya kubadilisha. Kimoja kilikuwa na pengo jembamba, kingine la wastani, cha tatu pana. Mimi mjuaji nikafunga chenye pengo jembamba bila kumwuliza mtu. Jino lilijaa humo barabara, nikaona sasa hapa hata inzi haponi.

Afande aliyenifundisha kupiga akaichukua, akalenga ukutani, akanirudishia. Alikuwa sajenti mrefu, mpole, Mnyaturu wa Mtinko, amebakiza miaka michache astaafu. Mimi ni Mnyiramba wa Kiomboi, na hakuacha kunitania kwamba kwetu hata kunguru tunamlenga kwa maneno.

"Unatunga uzi kwenye sindano, binti, au unalenga?" akasema. "Jino likilijaa pengo lote, utajuaje kama liko katikati? Acha mwanga upite huku na huku. Jicho linajua kulinganisha."

Nilimbishia wiki nzima. Nikapiga kwa vibati vyote vitatu, nikaweka karatasi zangu mezani, na karatasi zikamwunga mkono yeye. Sikumwambia. Nilifunga tu lile pengo pana, nikamwachia aone mwenyewe, naye akaona na akanihifadhia heshima yangu kwa kunyamaza. Alinifundisha pia kulipaka jino masizi ya koroboi, maana jua la Singida huling'arisha chuma mpaka usijue unalenga nini.

Tulitumia bastola moja, ila kila mtu na ulengaji wake. Mimi nililenga katikati kabisa ya duara jeusi la shabaha. Yeye alilenga chini ya duara, akiacha ukanda mwembamba mweupe, kwa sababu jino jeusi juu ya karatasi nyeupe linaonekana vizuri zaidi, hasa kwa mtu mzima. Ukilenga chini na kutaka risasi ziende katikati, lazima kibati cha nyuma kipande, maana risasi hufuata upande unaokisogezea kibati hicho. Ukizungusha skrubu, inalia tik. Kutoka kipimo changu kwenda chake zilikuwa tiki kumi na mbili juu. Nilizijua kama ninavyojua njia ya kisimani kwetu.

Sasa ikaja barua. Kambi itoe mpigaji mmoja wa bastola kwenda mashindano ya kanda, Dodoma. Mmoja. Afande alikwisha kwenda mara kadhaa, na hii ingekuwa ya mwisho kabla ya kustaafu. Mimi sikuwahi kwenda, na nilitaka kwenda mpaka nikawa nalengalenga kwa kidole nikiwa jikoni. Mkuu wa kambi akaamua tushindanishwe, risasi kumi kila mtu. Risasi zilikuwa haba, kwa hiyo hakuna za majaribio.

Hapa niingize kosa langu. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, mafuta ya silaha yaliisha ghalani. Niliandika kuomba mengine, wapi. Madukani kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa, lakini mafuta ya silaha hayakuwa kitu cha dukani. Na nyumbani kwangu Utemini, nyumba ya tatu tu, jirani alikuwa amefunga mashine ya kukamua alizeti. Mtu wa Singida ana imani na alizeti. Tunakaangia, tunapaka bawaba, mnyororo wa baiskeli, miguu ya watoto kabla ya kwenda shule. Nikachukua kichupa, nikadondoshea matone kwenye skrubu ya kilengeo na springi iliyo chini, ile inayokisukuma kibati juu. Mafuta ni mafuta, nikajiambia. Nikaiacha bastola kwenye kipimo changu, nikaifungia ghalani chini ya bati lenye joto.

Siku ya mashindano tulifukuza mbuzi kwanza, kama kawaida, maana uwanja wetu ulikuwa chini ya majabali ambako majani huchelewa kukauka. Nilianza mimi. Nilipiga vizuri, si kwa ubora wangu wote. Kisha nikachukua bisibisi, nikazungusha tiki kumi na mbili juu, nikazisikia zote, nikamkabidhi Afande. Akapiga kwa utaratibu wake ule, bila haraka. Kutoka mita ishirini na tano, matundu ya risasi ndogo vile hayaonekani, kwa hiyo tulisubiri Mkuu alete karatasi.

Mimi themanini na nane. Afande sitini na tano.

Watu walinipigia makofi. Afande aliishika karatasi yake mbali, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali tena. "Macho yamekwisha," akasema taratibu. Akanipa mkono, akanipongeza, kisha akamwomba Mkuu afute jina lake kwenye timu kabisa. Alisema afadhali aondoke kabla hajamjeruhi mtu.

Niliingia ghalani nikiimba. Ndiyo, nikiimba! Nikatandaza karatasi mbili mezani ili nizihifadhi, na wimbo ukanikatikia mdomoni. Matundu yangu yalitapakaa duarani, kuyafunika kungehitaji kisosi. Ya Afande yalikuwa kumi mahali pamoja, chini ya duara jeusi. Nikaweka juu yake kizibo cha soda. Yakafunikwa yote.

Mtu asiyeona hapigi hivyo. Nikachukua bisibisi, nikazungusha skrubu juu, tik, tik, tik, huku nimekiwekea kibati ukucha. Skrubu ilizunguka. Kibati hakikupanda. Nikanusa: jikoni kwangu. Alizeti ilikuwa imekauka ikawa ulimbo, ikakishika kibati, na springi ile nyonge haikuweza kukisukuma juu. Mzee wa watu alikuwa amelenga kwa namna yake kupitia kipimo changu, na risasi zake zilikwenda pale pale alipolenga, zote kumi.

Kitambaa chenye petroli kingemaliza shughuli kwa dakika mbili, na hakuna ambaye angejua. Nitasema ukweli: nilikishika kile kitambaa. Nilijiambia sikukusudia, jina langu limekwisha andikwa, na yeye Dodoma anaifahamu. Nilimkasirikia hata yeye, kwa nini apige vizuri namna ile. Lakini kila nilipoitazama ile karatasi nilimwona akiisogeza mbali na karibu. Nikaiweka bastola sandukuni vile ilivyo, nikafunga ghala, nikachukua karatasi na kizibo, nikaenda kwake.

Mkewe alikuwa barazani akipepeta uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Mwenzangu tangu arudi hasemi. Amekataa chakula, amekataa hata gazeti lake. Anasema baiskeli apewe mtoto wa kaka yake, yeye asije akagonga watu."

Alikuwa ndani, ameketi na kuupa mlango mgongo. Nilimwamkia, nikasimama wima kama niko gwarideni, maana nilijua nikikaa nitazungukazunguka.

"Afande, macho yako ni mazima. Kosa ni langu. Kibati hakikupanda. Nilikitia mafuta ya alizeti, yakaganda."

Akageuka. Nikampa karatasi na kizibo. Akakiweka juu ya matundu, akakiinua, akakiweka tena.

"Alizeti?"

"Alizeti, Afande."

"Hii ya kukaangia?"

"Hiyo hiyo."

Akamwita mkewe kwa sauti ambayo nilikuwa naisikia gwarideni tu. "Mama, hebu njoo! Koplo, sema tena."

Nikasema tena. Mama akacheka mpaka ungo ukamwaga uwele. Afande hakucheka. Alijifuta macho kwa kiganja, la kulia, kisha la kushoto, akaniambia, "Sema tena." Nikasema mara ya tatu.

Nilipokwenda kumweleza Mkuu, yeye hakunichekea. Alinigombeza mbele ya watu, akaninyang'anya funguo za ghala kwa mwezi mzima, na nilistahili. Kisha akaamuru turudie, bastola ikishasafishwa kwa petroli.

Nilianza mimi tena. Nilipiga tisini, na sikuwahi kupiga zaidi ya hapo mbele ya Mkuu. Halafu nikashika bisibisi. Nilizungusha tiki kumi na mbili, nikakiwekea ukucha kibati nikakisikia kinapanda, nikainyanyua bastola kwenye mwanga nikahakikisha, nikakoleza masizi kwenye jino maana jua lilikuwa limeanza kuwaka. Nilimwandalia kama ambavyo ningejiandalia mwenyewe. Nikampa.

Alipata tisini na nne.

Iliniuma. Wanaosema haki haiumi hawajawahi kuitoa mfukoni mwao. Nafasi ile haikurudi, kwa sababu mwaka uliofuata fungu la michezo lilikatwa na timu ikafa, na mpaka leo Dodoma naijua ya stendi ya mabasi tu. Lakini asubuhi ile, kabla ya kuyajua hayo yote, nilikwenda mwenyewe kuchukua karatasi yake, nikampelekea aliposimama. Nilikuwa nimekwisha mwamkia tulipokutana getini. Mbele ya Mkuu na timu nzima nikampa shikamoo ya pili.