Frasila ya Ratili Thelathini na Tano

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika sokoni Kariakoo kabla ya wafagiaji, nimevaa suti ya drili nyeupe na tai, diploma yangu ya hesabu za biashara nimeikunja kwenye mfuko wa ndani. Niliipata Bombei. Nilikwenda huko nikiwa mwosha vyombo melini, mchana nikabeba mizigo ya tajiri mmoja, jioni nikasoma. Hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Nayasema haya vijana mjue nani anawasimulia, ingawa siku hizi hata kusimulia kunanichosha.

Bwana Mkaguzi wa Mizani, Mwingereza mrefu asiyependa maneno, hakuitazama diploma. Aliuliza tu, "Tani moja, frasila ngapi?"

"Sitini na nne kamili, bwana."

"Umejuaje upesi hivyo?"

"Tani ni ratili elfu mbili mia mbili na arobaini. Frasila ni ratili thelathini na tano. Nimegawa."

Akanionyesha meza yangu.

Kazi yetu ilikuwa kuhamisha uzito kutoka kipimo hadi kipimo. Mkulima alileta mzigo wake kwa frasila, duka liliuza rejareja kwa ratili na wakia, wakia kumi na sita kwa ratili, na meli ilitaka tani. Katikati palikuwa na kipimo ambacho Waingereza walikiita mia, lakini ndani yake mna ratili mia na kumi na mbili, yaani frasila tatu na ratili saba. Makarani wengine walikwenda na majedwali makwapani. Mimi jedwali langu lilikuwa kichwani, na sikuona mwenzangu wa kushindana naye. Nilipelekwa forodhani, nikasimama juani miaka kadhaa nikihesabu magunia, kisha nikarudishwa Kariakoo nikiwa karani mkuu. Miguu yangu iliharibikia huko forodhani.

Nilikuwa nimerudi tu Kariakoo alipokuja ofisini Bi Mwanaidi, mjane wa Mbagala. Riziki yake yote ilikuwa mbata, yaani nazi iliyokaushwa, kutoka minazi aliyoachiwa na marehemu mumewe.

"Mwanangu, wewe si ndiye unayejisifu umesoma?"

"Shikamoo, mama. Ndiye mimi."

"Marahaba. Basi nenda kapime jiwe la mizani la Mzee Salim. Kila nikiuza kwake nahisi nimeibiwa mchana kweupe."

Mzee Salim alikuwa Mwarabu mwenye duka kubwa la mbata nyuma ya soko. Nilikwenda na Bwana Mkaguzi, Bi Mwanaidi akitufuata. Jiwe lake la frasila tukaliweka kwenye mizani ya serikali: ratili thelathini na sita.

"Hii moja ni ratili ya maji," Mzee Salim alisema bila wasiwasi. "Mbata zao mbichi. Zikifika melini zimekauka, zimepungua. Hasara ile ni ya nani? Babangu alinunua hivi, na kila mtu sokoni anajua."

"Mimi sijui!" Bi Mwanaidi alidakia. "Maji ya nani? Mimi nauza nazi au nauza kisima?"

Watu wakacheka. Bwana Mkaguzi akanigeukia. "Ratili ya maji imo katika sheria?"

"Haimo, bwana. Na kwa desturi hii, mama akileta frasila sitini na nne, ametoa tani nzima na juu yake ratili sitini na nne za bure." Nilisema hivyo kabla hajatoa kalamu mfukoni. Nusu ya soko ilinisikia, na nilihakikisha imenisikia.

Jiwe likachukuliwa, likachongwa hadi thelathini na tano, likapigwa muhuri. Bi Mwanaidi aliniletea madafu. Kwa wiki nzima nilitembea mitaa ya Kariakoo kama nimeteka mji.

Kisha masika yakaanza. Mzee Salim hakubishana na mtu. Alichukua kipande cha mbata katika kila gunia, akakikunja kwa vidole. Kikivunjika kwa mlio, alinunua kwa frasila halali. Kikipinda, alisema, "Rudisha ukaanike." Wanunuzi wengine wakamuiga.

Bi Mwanaidi alirudi ofisini kanga imelowa, akatua gunia mbele ya meza yangu na kulifungua. Mbata zilikuwa zimeota ukungu.

"Mara tatu nimezirudisha Mbagala," alisema. "Mara tatu nimezianika, mara tatu zimenyeshewa. Zamani angezichukua hivi hivi, akakata ratili yake, nikaenda kununua mchele."

"Lakini mama, kipimo sasa ni cha haki."

"Sijakataa." Alifunga gunia taratibu. "Umenishindia ratili moja, Bwana Diploma. Sasa njoo Mbagala unifukuzie mvua."

Nilimtafutia bwana mmoja mwenye tanuri la kukaushia, huko Ilala. Alikubali kumkaushia, kwa malipo ya ratili mbili katika kila frasila.

Nilifanya kazi ile mpaka nikastaafu, chini ya wakaguzi wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukuta kosa katika hesabu zangu. Ninyi mnapima kwa kilo, kumi kumi, kazi nyepesi. Mimi nakaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mawingu yakijikusanya upande wa Mbagala, huingia ndani nikafunga dirisha.