Mwaka Baba Alipokonda

Daktari alisema mafuta yamezidi kwenye damu ya baba. Aliyaita kolesteroli, sisi nyumbani Temeke tukayaita mafuta tu, maana jina lile lilimshinda hata mama aliyesoma mpaka darasa la nane. Hakumpa dawa. Alimwambia apunguze vyakula vya mafuta, atembee kwa miguu kila siku, kisha arudi baada ya miezi mitatu.

Baba alikuwa muuza vitenge pale Tandika, mnene, na unene ule ulimpa heshima sokoni. Asubuhi alizoea supu ya utumbo na chapati mbili, mchana wali wa nazi. Mama akaiacha nazi. Kwa Wazaramo sisi mchicha usio na nazi ni adhabu, lakini baba aliula, akasema sasa anawaonea huruma mbuzi. Kila alfajiri baada ya sala alitembea hadi uwanja wa mpira, akauzunguka, akarudi shati limelowa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilimwonea aibu kidogo, mtu mzima anakwenda mbio mbio wala haendi popote.

Miezi mitatu ikaisha, akapimwa tena. Mafuta yalikuwa yameshuka, na kile kifua kilichompeleka hospitali hakikumbana tena. Daktari alifurahi, baba akaikunja karatasi ya majibu mfukoni kama mtoto aliyefaulu mtihani. Lakini mashavu yalikuwa yamebonyea, na shingo ilikuwa ikicheza ndani ya kola. Miaka ile ya tisini, mtu mzima akikonda mtaani kwetu, watu walifikiria jambo moja tu, ukimwi. Tulikuwa tumezika wengi. Jirani mmoja aliniuliza bombani, "Mzee wenu vipi, mbona anakwisha hivyo? Isije ikawa ngoma." Nikamwambia daktari kamkataza mafuta. "Haya bwana, mafuta," akasema, akajitwika ndoo yake.

Wakati huo posa yangu ilikuwa imeshapokelewa. Kijana mwenyewe alikuwa wa Magomeni, na nilimpenda, sitaki kujifanya. Shangazi yake alikuja kwetu kupanga siku ya ndoa. Alimtazama baba mikono, akamtazama shingo, akaiacha juisi yake nusu. Wiki ile ile wakatuma ujumbe kwamba harusi isubiri kwanza, mpaka hali ya mzee ieleweke. Mama aliwapelekea karatasi ya hospitali. Wakamjibu kwa adabu kabisa kwamba siku hizi karatasi zinanunuliwa.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikakasirika, na hasira yangu siku zote humwangukia aliye karibu. Nilimkuta baba kibarazani akivaa raba zake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, naomba ule. Ule kama zamani, watu wakuone umenenepa. Harusi ikipita utarudia mazoezi yako."

Mguu mmoja ulikuwa umevaa raba, mwingine mtupu. Alijua anaombwa nini. Daktari alikuwa amemweleza mbele yetu sote kwamba akirudia mafuta yale anaweza kuanguka wakati wowote.

"Mpaka harusi tu?"

"Mpaka harusi tu, baba."

Akaivua ile raba.

Supu ikarudi, na chapati, na wali wa nazi ambao mama aliupika bila kusema na mimi. Baada ya miezi minne baba aliijaza kanzu yake, na shangazi yule yule akamsifu, "Sasa ndo mzee tunayemjua sie." Nikaolewa kwa vigelegele. Kila nilipokwenda kuwasalimia niliiona sahani yake imejaa, nami sikumkumbusha ahadi yetu. Nilikuwa na raha zangu. Hilo linaniuma kuliko hata lile la kumwomba.

Mwaka haukuisha akaanguka dukani. Upande wa kulia ukapooza, mdomo ukapinda. Alipopata nafuu nilimpeleka kwa daktari wake, ambaye alilifungua faili, akasoma, akavua miwani.

"Mzee, ulikuwa unaendelea vizuri kabisa. Nani alikwambia uache?"

Maneno ya baba siku hizo yalitoka moja moja.

"Uroho tu, daktari."

Daktari akatikisa kichwa, akanigeukia. Akaniambia nimsimamie mimi kwenye chakula, maana wazee hawasikii. Nikaitikia, ndiyo daktari.