Kikombe Kilichoandikwa Mzee

Mkahawa huo ulianzia ng'ambo, duka moja tu katika mji wa baridi. Kisha mwenyewe akaanza kuwauzia watu wengine haki ya kutumia jina lake, rangi zake na namna yake ya kutengeneza kahawa. Habari hizo nilizisoma kwenye simu jioni kadhaa, kwa sababu napenda kujua kitu kimefikaje hapa. Mkahawa ulivuka nchi moja hadi nyingine, ukafika Nairobi, na hatimaye bango lake likapandishwa katikati ya Eldoret, palipokuwa na duka la mbolea.

Mimi ni fundi wa mizani. Kazi yangu ni kuhakikisha kilo ya mahindi kule mashambani Soy ndiyo kilo ya mjini, kwa hivyo nilielewa upesi kampuni hiyo inauza nini. Inauza ulinganifu. Kikombe cha hapa kiwe sawa na cha ng'ambo, na salamu iwe ile ile. Nililipenda wazo hilo.

Nililipenda zaidi mke wa mwanangu alipoajiriwa hapo, baada ya kutafuta kazi kwa muda mrefu hata akaacha kuitaja. Alichukuliwa kwa majaribio, akaambiwa wazi kwamba wakaguzi kutoka makao makuu watakuja kuamua nani abaki na nani aende. Jumapili baada ya chakula alifanya mazoezi sebuleni kwetu. Utaratibu ulikuwa hivi: unamwuliza mteja jina, unaliandika kwenye kikombe, unatengeneza kahawa, kisha unaliita jina kwa sauti ya kufika mlangoni. Mke wangu ndiye aliyekuwa mteja, na kila mara alijipa jina la jirani mwingine.

"Hiyo sauti bado ni ya maombi," mke wangu alimwambia. "Ita kama mtu ameona ng'ombe ndani ya mahindi!"

Mimi sikuwahi kuwa mteja katika mazoezi hayo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwetu mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe. Langu ni jina la mtume mmoja, na siku aliyopangiwa kusoma somo kanisani, alipolifikia alisema "yule mtume" na kuendelea. Hakuna aliyemlaumu.

Siku niliyokwenda kuuona mkahawa, nilikuwa nimemaliza kurekebisha mizani ya rafiki yangu mwenye duka katika mtaa wa Munyaka. Wazazi wake walihamia huku kutoka upande wa Nyeri.

"Twende tuonje hiyo kahawa," alisema. "Nyanya yangu aliichuma maisha yake yote na hakuionja hata siku moja. Leo nitamnywea."

Tulipanga foleni. Nyuma yetu walisimama wakulima watatu wa Soy waliokuja mjini kwa mkutano, wakizungumza kwa sauti habari za kwao Soy. Kando ya kaunta nikamwona mwanamke mgeni mwenye kitambulisho shingoni, akiandika kwenye kompyuta ndogo, na kijana wa Nairobi akimwelezea mambo. Nikajua hao ndio wakaguzi.

Mke wa mwanangu aliinua macho akaniona. Tabasamu lilibaki palepale, lakini kalamu ilisimama.

"Karibu. Jina lako, tafadhali?" aliuliza, macho yakiwa kwenye kikombe.

Hapo ndipo nilipoona nimemweka pabaya. Nikitaja jina, atalazimika kuliita mbele ya watu wote. Asipoliita, mgeni ataandika kwamba utaratibu umevunjwa, na kazi itakwenda.

"Danganya jina," rafiki yangu alininong'oneza. "Kwani hapa ni polisi?"

Mtu anayeishi kwa vipimo vya kweli hapati jina la uongo upesi. Nikasema, "Andika Mzee." Uongo haukuwemo, kwani naitwa hivyo kutwa nzima.

Alishusha pumzi, akaandika. Kisha akamgeukia rafiki yangu.

"Hata mimi ni Mzee," alijibu. "Ama huyu amenishinda mvi?"

Mkulima wa kwanza wa Soy, aliyekuwa akisikiliza kwa makini, alidhani hivyo ndivyo inavyosemwa mahali hapo. "Mzee," akasema. Wa pili akasema, "Mzee." Wa tatu alifikiria kidogo. "Mzee pia."

Tuliketi. Baada ya muda sauti ikatoka kaunta, sauti kamili ya ng'ombe ndani ya mahindi: "Mzee!"

Tuliinuka watu watano. Na mwingine aliyekuwa dirishani akinywa chai yake kwa amani naye akainuka, kikombe mkononi. Mkahawa mzima ukacheka. Mgeni aliacha kuandika, akatazama.

Mke wa mwanangu alivitazama vikombe, kisha akatutazama sisi. "Mzee wa Soy mwenye kofia!" akaita. "Mzee wa Soy mwenye koti! Mzee wa Soy wa sukari nyingi! Mzee wa Munyaka!"

"Huyo ni mimi," rafiki yangu alitangaza, akienda kama anayepokea zawadi.

Kikombe changu kikabaki peke yake. Alikishika kwa mikono miwili.

"Baba!"

Hakuna mwingine aliyeinuka. "Kumbe ni baba mkwe!" mama mmoja akasema, na watu wakapiga makofi. Nilipokuwa nikirudi kitini nilimwona mgeni akimwita kando. Kahawa ile sikujua ladha yake.

Jumapili mke wa mwanangu alituletea habari.

"Yule mgeni aliniuliza mbona sikuandika jina la kweli, nikaita Baba. Nikamwambia, huyo ni baba ya bwana yangu. Simwiti jina."

"Akasema?" mke wangu akauliza.

"Akasema utaratibu ni wa kumfanya kila mtu apate kikombe chake. Akauliza, kuna kikombe kilichopotea? Nikasema hakuna." Alimgeukia mke wangu. "Nimebaki, Mama. Wamenipa kazi."

Mke wangu alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Alipotulia akauliza, "Na mimi nikija, utaniita nani?"

"Wewe, Mama, una majina ya majirani wote," alijibu. "Chagua moja."