Fainali Aliyoisikiliza Kaka Yangu Woolwich

Juzi nilimpeleka binti yangu mazoezini, na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ulipofunguliwa, harufu ya dawa ya kuchua misuli ikanipiga puani. Papo hapo nikawa nimerudi kwenye fleti ya shangazi yangu, Woolwich, jioni ile kaka yangu Baraka alipokataa kuketi.

Tulikuwa na wiki chache tu London, tumetoka mji mdogo wa Ohio, Marekani. Mimi nilikuwa na miaka kumi, Baraka kumi na sita. Kule alichezea timu ya shule mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na pedi za mabegani, na siku ya mechi hata kinyozi alifunga duka kwenda kuwatazama. Kisha Mama, ambaye ni nesi, akapata kazi London, akatung'oa katikati ya msimu. Timu ikaingia fainali bila Baraka.

Basi Jumamosi hiyo, kule ikiwa mchana na kwetu giza limeshaingia, simu iliwekwa mezani ikitangaza mechi. Shangazi alikuwa akisukuma chapati. Baraka alijichua mapaja kwa ile dawa kana kwamba angeitwa uwanjani wakati wowote, akawa anatembea: dirishani, mlangoni, dirishani tena. Nami nyuma yake kama kifaranga, mpaka Shangazi akasema tutamtobolea sakafu. Mama, ambaye kwa kawaida hubishana na kila mtangazaji, safari hii alikuwa akimtazama Baraka tu.

Mwishoni kabisa mtangazaji akapaza sauti. Mpira wa ushindi ulikuwa umedakwa na kijana aliyepewa nafasi ya Baraka. Wamechukua ubingwa. Shangazi akapiga kigelegele, kisha akakikatiza njiani.

Baraka akatoka bila koti. Mama akamfuata. Kutoka dirishani niliwaona wakizunguka maegesho ya magari katika manyunyu, Baraka mbele, Mama nyuma yake. Waliporudi wameloa, Baraka akasema kwa Kiingereza, kama alivyomjibu siku zote, kwamba angalau Mama angemwacha acheze mechi moja tu.

"Ipi hiyo moja?" Mama akauliza kwa Kiswahili. "Kila ukigongwa kichwa ulikuwa unaniambia imebaki moja."

Nilimnunia Mama muda mrefu. Niliona amemnyang'anya kaka yangu kombe lake.

Lakini kuna jambo nililoliona mwenyewe bila kulielewa. Kule Ohio, jioni moja baada ya mechi, Baraka aliniuliza chumba chake ni kipi. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu tu. Nikacheka nikidhani ananitania, na mezani nikakisimulia kile kichekesho. Baraka akacheka pia. Mama peke yake ndiye aliyeweka kijiko chini. Ilinibidi niwe mama kwanza ndipo nijue kwamba kazi ya London Mama alianza kuitafuta tangu pale.

Mwaka jana, tukiwa jikoni kwa Mama, nilimuuliza Baraka kama bado ana kinyongo naye. Alianza kuwataja wachezaji wa timu ile, mmoja mmoja, na nafasi ya kila mtu uwanjani, bila kusahau hata mmoja. Mama aliacha kumenya viazi, akamsikiliza mpaka jina la mwisho.