Hakuna Mtu Kando ya Kijito

Harufu ya mihogo iliyolowekwa ikinipata sokoni hata leo, hunirudisha kwenye kijito kilichopita nyuma ya kambi yetu ya wachimbaji, Kolwezi, wakati Wabelgiji wangali wakitawala. Wengine huziba pua. Mimi huona haya.

Ukingoni pale jirani yetu Mama Ngalula, aliyetoka Kasai, alikuwa na shamba la sombe, majani ya mihogo tuliyoyala kama mboga, na shimo la kulowekea mihogo. Posho ya mumewe haikufika mwisho wa juma, kwa hiyo watoto wake sita walilishwa na ukingo ule. Nami pia, maana bukari, yaani ugali, ya jirani ni tamu kuliko ya kwenu.

Baba yangu, karani, alitaka tuseme Kifaransa mezani. Nilikuwa na miaka minane na maneno kama ishirini, na kuku akitaga yai moja hutangazia mtaa mzima. Neno nililolipenda zaidi ni "personne". Katekisimu ya baba ilisema Mungu ana "trois personnes", nafsi tatu. Basi personne ni mtu, nikajua hivyo.

Asubuhi moja Mama Ngalula alimpeleka mtoto kupimwa uzito, akaniacha nilinde mihogo yake isiliwe na mbuzi. Akaja Mzungu mpimaji ardhi na vigingi. Wakubwa wa kambi walitaka kutengeneza bustani ya kupumzikia kando ya maji, yenye maua na mabenchi. Aliniuliza jambo refu, nikadaka neno moja tu, lile langu.

"Oui, monsieur," nikajibu kwa maringo. "Personne."

Nilitaka kusema, ndiyo bwana, yupo mtu. Akanipa peremende, akapigilia kigingi cha kwanza katikati ya sombe.

Wiki haikuisha, shimo lilikuwa limefukiwa. Mama Ngalula akaja kwetu na beseni tupu, kumwomba baba amwandikie barua.

"Tata, banasema baliuliza, bakajibiwa hapana mutu pale. Basi mi, mi hapana mutu?"

"Baliandika 'personne', mama," akasema polepole baba, aliyeiona ripoti yao ofisini. "Neno ile ikijibiwa yenyewe, ni kusema, hapana mutu."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Ningetoka, baba angeandika kwamba mtoto alikosea. Niliogopa fimbo, na zaidi ya fimbo niliogopa kuchekwa. Barua ikaenda bila neno langu, na jibu halikuja. Mwaka ule watoto wale walikonda. Mama yangu alipokuwa akinituma kwao na unga, Mama Ngalula alinipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti, mutoto wangu."

Ukubwani nimejaribu kujifariji. Vigingi vilikuwa tayari kwenye lori kabla sijaulizwa, na jibu la mtoto lisingevirudisha. Huenda ni kweli. Lakini asubuhi ile nilikosea kwa kutojua. Miaka yote iliyofuata nilijua, na nikanyamaza.

Mama Ngalula alifariki akiwa mzee. Kwenye kilio chake padri aliuliza kama kuna mtu mwenye neno la kusema juu ya marehemu. Hakuna mtu aliyesimama, na mimi nilikuwepo.