Kilima cha Baba na Magoti ya Baroni

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kiburi cha mtoto anayejua Kiswidi kuliko wazazi wake. Shuleni tulipewa kazi ya kuandika maisha ya baroni wa Uingereza ya Zama za Kati. Nikamsomea baba yangu jikoni kwetu Norsborg, nikimfasiria huku akimenya viazi, maana nilitaka acheke. Zee lile la kizungu lenye ngome na askari wa farasi, kumbe ardhi yote aliishika kwa hisani ya mfalme tu!

Baba hakucheka. Kwetu Kivu naye alikuwa na kilima alichopewa na mwami, mfalme wa kwetu, na watu waliolima chini yake.

"Huyo ni mie," alisema. "Endelea."

Nikaendelea. Vita vikizuka, baroni alimpelekea mfalme askari. Aliamua kesi za wakulima wake. Mfalme akifa, alikwenda kwa mfalme mpya bila upanga, kichwa wazi, akapiga magoti na kuweka mikono yake ndani ya mikono ya mfalme. Ndipo ardhi ikabaki yake.

Baba akaweka kisu chini. "Alienda ye mwenyewe? Hakutuma mutu?"

"Mwenyewe, papa. Magoti hayatumwi," nikajibu, nikijiona mjanja.

Mwami wetu wa zamani alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Ng'ombe wa kalinzi, yule anayepelekwa kwa mwami mpya ili uthibitishiwe kilima chako, baba alimpeleka kwa mkono wa binamu yake, kwa kuwa karatasi zetu za ukimbizi hazikumruhusu kurudi. Alikuwa na hakika mambo yameisha vizuri. Sasa akampigia simu, akaongeza sauti ili nami nisikie.

"Mwami alipokea ngombe mu mikono yangu, yaya," binamu alisema kwa upole, akimwita kaka mkubwa kama zamani. "Asiyekuwepo na lake halipo. Tulishaanza kujenga kule juu ya kilima."

Nilitamani kuyameza maneno yangu yote. Baba akamwambia asalimie watoto, akakata simu, akamaliza viazi.

Wiki ile alikuwa na fomu ya ofisi ya ajira. Siku zote nilimjazia mimi, na penye kazi ya zamani aliniamuru niandike "mwenye kilima", maofisa watabasamu wasitabasamu. Nikaanza kuandika kama kawaida. Akanishika mkono.

"Andika hakuna," alisema.