Gitaa la Noko, la Nyuzi Kumi na Mbili

Gitaa lile lilitugharimu kabati la mama, chuma cha kitanda changu, nyaya za breki za baiskeli zote nilizokuwa nazo za kuuza, mwavuli mzima na dinamo moja. Nimehesabu tena: nimewasahau kuku. Walikuwa wawili, na noko, mjomba wa bibi harusi, aliwala wakati wa mazungumzo, kabla hata ubao mmoja haujakatwa. Kwa mali hiyo, siku zile, mtu angeweza kuoa wake wawili wasiopenda muziki.

Sisi tulimtaka mmoja tu, tena si kwa ajili yangu. Muoaji alikuwa yaya, kaka yangu ninayemfuata, seremala hapa Kabondo, mtaa wa Kisangani. Alitengeneza vitanda na majeneza, na alikuwa akisema kwamba tofauti ni kifuniko tu. Uhuru ulipokuja, wazungu waliokuwa wakimwagiza kabati na meza walipanda ndege. Wateja waliobaki walitaka vitanda kwa mkopo na majeneza kwa haraka. Yaya alikonda. Lakini kulikuwa na binti wa fundi cherehani, wa zile familia za Waislamu wa tangu enzi za biashara ya misafara, na kila alipopita mbele ya karakana yaya alijipiga nyundo kidoleni. Ilibidi aoe, angalau aokoe vidole.

Mambo ya dini hayakutusumbua. Baba wa binti alitaka msahafu, kitambaa na maneno mazuri, akapata vyote. Kilichobaki ni haki ya noko. Kwetu noko ni ndugu wa mama, na hata baba akubali na sheikh akubali, noko akinuna hakuna ndoa. Noko huyu alikuwa karani kwenye meli za mtoni. Alishuka na kupanda kati yetu na mji mkuu, na kila safari alirudi na viatu vipya na maoni mapya. Pesa hakuzitaka. Alisema noti za siku hizi hujui kesho zitakuwa na sura ya nani.

Nilitumwa mimi kuzungumza naye, kwa kuwa nilikuwa nauza baiskeli na vipuri vyake sokoni na mdomo wangu ulijulikana. Noko alimaliza kuku wa kwanza, akafuta vidole, akatoa jalada la sahani ya muziki. Lilikuwa na picha ya mtu mwenye suti amekumbatia gitaa.

“Hii,” akasema. “Gitare ya umeme. Nyuzi kumi na mbili. Na iko na tumbo, utupu ndani. Bila tumbo iko ubao ya kufulia nguo.”

“Noko,” nikasema, “kumi na mbili ni mingi. Mutu iko na vidole kumi tu.”

“Na vyako vyote vinafanya kazi?”

“Sita.”

“Kumi na mbili.”

“Munane, na minaongeza kuku ingine.”

“Kuku inaimba?”

“Tisa, noko. Tisa ni ya mwisho. Kwa tisa nyumbani watanifukuza.”

“Kijana, hatuuzishe nyanya hapa.”

Nilipanda mpaka kumi na moja. Hapo nilijua nimefika, maana hakuna mtu mwenye akili anayevunja ndoa kwa uzi mmoja. Noko akanitazama kwa huruma. “Kumi na moja? Ile moja itakosa mwenzake.”

Nilidhani ni ushairi tu wa watu wa meli. Tukashikana mikono kwa kumi na mbili, na nikajifariji kwamba nimekataa katakata kutoa na kipaza sauti cha kulichomekea.

Yaya hakunung'unika. Alilikazia macho jalada lile, akachora gitaa sakafuni kwa chaki, kisha akaenda kulipapasa kabati la mama mgongoni.

“Usiguse kabati yangu,” mama alisema.

“Mama, ni kwa ajili ya mukwe wako.”

“Mukwe wangu ataweka nguo wapi?”

Swali zuri, lakini kabati lilikwisha anza kuvuliwa milango. Mbavu za gitaa, zile mbao nyembamba zinazozunguka tumbo, lazima zikunjwe bila kuvunjika, na hazikunjiki ila kwa mvuke. Mvuke uliokuwepo nyumbani ni wa sufuria ya sombe. Basi kila mama alipopika majani ya muhogo, yaya alilaza ubao juu ya sufuria, akaukunja polepole kwenye bomba la chuma lililopashwa moto, huku mama akimpiga mgongoni kwa mwiko. Mbavu zilikunjika vizuri, na gitaa likanuka sombe maisha yake yote.

Kwenye picha tundu la tumbo lilionekana moja, refu, limejikunja kama mkia wa mjusi. La pili, kama lilikuwepo, lilifichwa na mkono wa mwenye suti. Yaya aliniuliza: moja au mawili? Nikamwambia tundu halina bei, weka mawili.

Shingo ndiyo iliyotutesa. Nyuzi kumi na mbili zinavuta kama watoto kumi na wawili wenye njaa. Ya kwanza ilijipinda kama upinde wa mwindaji wa Kimbuti. Ya pili tuliipasua mgongoni, tukazika ndani chuma cha kitanda changu, na tangu hapo shingo ikanyooka, mimi nikalala nimepinda. Vyuma vya kugawa sauti shingoni vilitoka kwenye mbavu za mwavuli. Mahali pake tulipima kwa uzi wenye mafundo, kutoka gitaa la kawaida la kanisani, wakati mwenye gitaa anasali na hawezi kutuuliza. Nyuzi zenyewe ni waya za breki: unafumua kamba, unapata nyuzi nyembamba ndani yake, na ukitaka uzi mnene unazisokota upya. Baiskeli zangu zilibaki dukani bila mteja. Watu wa mji huu wanapenda kwenda, lakini wanapenda na kusimama.

Kwa sikio la umeme, la kukaa chini ya nyuzi, tulichukua sumaku ya dinamo na waya mwembamba wa transfoma iliyoungua. Tuligeuza baiskeli kichwa chini, yaya akazungusha gurudumu kuviringisha waya kwenye sumaku, mimi nikahesabu mizunguko. Nilihesabu mara mbili, hesabu mbili zikakataana, tukachukua ile kubwa. Nyuma ya redio ya papa, baba yetu, kulikuwa na tundu la kuchomekea gramafoni. Huko ndiko gitaa lingepata sauti.

Ilipofika kufunga nyuzi, yaya alisimama akikuna kichwa.

“Mudogo, hizi zote zitasema nini?”

Hapa ndipo akili yangu ya sokoni ilipoingia. Nilikuwa nimelipa nyuzi kumi na mbili, nilitaka sauti kumi na mbili.

“Kila moja na neno yake,” nikasema. “Tusilipe watu wawili kwa kazi ya mutu moja.”

“Kwenye picha zimekaribiana mbili mbili.”

“Ni nafasi ndogo tu. Hata kwetu tunalala wawili wawili, na kila mutu anaota yake.”

Yaya alinisikiliza, maana katika mazungumzo yote ya ndoa yake mimi ndiye niliyekuwa mjuzi. Akazipanda kama ngazi, kutoka nene mpaka nyembamba. Tukachomeka redioni. Kabla yaya hajagusa kitu, tumbo lilisikia sauti ya redio, redio ikasikia tumbo, na vyote viwili vikaanza kulia kwa pamoja kama meli inayoaga bandari. Papa alitoka chooni ameshika suruali.

“Serikali imeanguka?”

“Bado, papa. Ni gitare.”

Swali la papa lilikuwa na sababu. Maasi yalikuwa njiani, na kabla hatujalipeleka gitaa kwa noko yakaingia mjini: vijana wenye majani kichwani na ngozi za wanyama, waliotiwa dawa ili risasi ziwe maji. Maofisi yalifungwa, meli zilisimama, na noko, karani asiye na meli, aliamua kuipeleka familia nzima kwa ndugu zao Banalia. Taarifa tuliipata asubuhi, kutoka kwa binti mwenyewe, kupitia jirani: lori linaondoka leo, naye yumo. Noko amesema gitaa likifika kabla lori halijaondoka, binti anashuka. Lisipofika, kule Banalia kuna mwenye shamba la kahawa ambaye tayari amemwulizia.

Yaya alilifunga gitaa kwa shuka, akalibeba mgongoni, nami nikampakia kwenye baiskeli yangu mwenyewe, ya mwisho iliyokuwa na breki. Hatujafika mbali tukakuta gogo barabarani na vijana watatu.

Sasa, dawa yao ilikuwa na miiko. Mtu asiyetiwa dawa hakuruhusiwa kuwagusa, la sivyo dawa inatoka. Kwa hiyo walikupekua kwa mdomo, kutoka mbali.

“Weka chini. Rudi nyuma. Tena. Bon. Fungua.”

Yaya alifungua shuka.

“Hii iko nini?”

“Gitare, komanda.”

“Ndani ya tumbo iko nini?”

“Upepo, komanda.”

“Upepo ya nani?”

Yule wa pili alinyoosha mkuki kwenye waya uliotoka ubavuni.

“Na hii inaenda wapi?”

“Kwa redio ya papa,” akasema yaya, ambaye hajawahi kusema uongo, kasoro ambayo nimemwonya mara nyingi.

“Redio! Iko phonie! Wanaongea na adui!”

Watu walikuwa wamechukuliwa kwa kosa dogo kuliko hilo, na hawakurudi. Ulimi wangu, ambao familia ilikuwa imeulisha miaka yote kwa ajili ya siku kama ile, uliniletea sentensi mbili. Nilisema tu, “Komanda, ina tumbo, inasema hata bila redio. Msikilize.”

“Iimbe.”

Yaya alichuchumaa barabarani, akapiga nyuzi zote kumi na mbili. Mungu anisamehe. Kila uzi ulisema neno lake, kama nilivyoagiza. Ilikuwa kama wakwe wawili wanagombana ndani ya stoo ya masufuria. Alipiga tena, kwa moyo, macho amefumba, akiwazia lori. Mbwa mmoja aliinuka akaenda zake.

Vijana walitazamana. Mkubwa wao, ambaye nadhani aliwahi kuimba kwaya, alikunja uso kama mtu mwenye jino bovu.

“Phonie haiwezi kuwa mubaya hivi,” akasema. “Adui akisikia hii, anazima. Muende. Na musirudie huku.”

Tulikuta lori limekwisha washwa. Binti alikuwa juu ya magunia ya mchele, pamoja na mama yake na godoro. Noko alikuwa mbele na dereva. Alishuka, akalipokea gitaa kwa mikono miwili, akalinusa, akashangaa, akalisifu. Halafu akapiga.

“Nani alifunga nyuzi hivi?”

Yaya alinitazama mimi.

“Zinaenda mbili mbili!” noko akapiga kelele. “Mbili sauti moja! Mume na muke! Nilikuambia, ile moja itakosa mwenzake!”

“Donc, basi sauti ni sita,” nikasema.

“Sita, ndiyo.”

“Noko, mimi si nilianza na sita?”

“Nyuzi kumi na mbili!”

“Sauti sita! Tangu siku ya kwanza nilisema sita, ukakula kuku wawili, na leo unakubali sita!”

“Kijana, unataka kunihesabia kuku mbele ya dereva?”

Dereva alipiga honi. Kutoka juu ya magunia binti akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara: “Kama maneno yenu iko mingi hivyo, basi muoane ninyi wawili! Mimi ninashuka ao ninakwenda?”

Noko alikaa kwenye ngazi ya lori, akaanza kuzipatanisha nyuzi, jozi baada ya jozi. Alipofika jozi ya mwisho, uzi ukakatika. Zikabaki kumi na moja. Noko aliinua macho, nami nikajua atakachosema, na safari hii alikuwa na haki. Yaya naye alijua. Alikuwa amesimama mikono wazi, kama mtu aliyeangusha jeneza la mteja.

Nikalaza baiskeli yangu, nikang'oa waya wa breki, nikaufumua kwa meno.

Uzi ulipofungwa, noko alipiga polepole. Sijui muziki, najua bei. Lakini nilisikia: katika kila jozi uzi mmoja ulitangulia kidogo, mwingine ukafuata kidogo, na kati yao kitu kikang'aa. Dereva alizima lori bila kuombwa. Yaya, aliyelijenga gitaa lile na kulisikia likitukana tu, alianza kulia. Noko akamaliza, akalifunga kwenye shuka yetu, ambayo hatujaiona tena, akasema, “Godoro muishushe pia.”

Binti alishuka kabla ya godoro.

Wana watoto saba na wajukuu ambao nimeacha kuwahesabu kwa sababu hawatulii. Noko alilipiga gitaa lile Banalia miaka mingi, mahali pasipo umeme, kwa tumbo lake tu, na akafa mzee. Lakini mwezi uliopita wanawe walikuja Kisangani na furushi. Ndani yake kuna shingo, chuma, na unga. Mchwa wamekula tumbo lote. Wanasema haki ya noko hairithiwi ikiwa vumbi, na mpaka tutoe gitaa zima, dada yao kwetu amekopeshwa tu. Shemeji amewajibu kwamba wamchukue basi, apumzike kupika. Alitania, lakini yaya hakucheka. Tangu siku ile analala karakanani, anachora kwa chaki sakafuni, na kwa uzee wake hata msumeno hashiki.

Basi nawaomba ninyi mnaojua desturi kuliko mimi mnishauri, tena upesi, kwa sababu wale wana wa noko wamefikia kwangu na wanakula vizuri: mahari ikiliwa na mchwa mikononi mwa aliyeipokea, anayelipa ni nani?